Mgongo wa Umeme

Kaeni, wanangu, kaeni wote wawili, na mwenye simu aizime, maana nina maneno mengi na pumzi chache, na leo sitaki kushindana na mlio wa mtu mwingine. Daktari amesema nisiongee sana. Nimemwambia nitapata muda wa kutosha wa kunyamaza. Rudishieni mlango. Najua Umeme yuko sebuleni tangu asubuhi, nimesikia fimbo yake ikigonga sakafu, nimesikia mkicheka naye, na hata hivi nilivyo, miguu imevimba na mpira huu uko puani, moyo wangu umeuliza: mbona na mimi hawacheki namna hiyo? Mungu anisamehe. Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia, ila nitaanza na vitu, kwa sababu vitu ni rahisi.

Nyumba hii ni yenu nyote, nusu kwa nusu, na asije mtu akapima vyumba kwa futi. Cherehani ya mama yenu ni yako, binti yangu, na wewe, mwanangu wa kwanza, chukua kabati la chuma na kila kilichomo. Hapo hamna ugomvi. Ugomvi uko kwenye ukumbi wetu wa mieleka, nami nisipousema leo, mtausema ninyi juu ya kaburi langu ambalo udongo wake haujakauka.

Ukumbi una viti mia nne. Jumamosi iliyopita walikaa watu thelathini, na kumi na mmoja kati yao ni ndugu wa wapiganaji, wameingia bure. Yule bwana wa kampuni alipokuja na karatasi zake aliketi hapo ulipoketi wewe, mwanangu, akanywa chai yangu, akaniambia, "Mzee, mieleka imekufa, sisi tunanunua jengo na jina tu." Wewe ulitikisa kichwa kukubali. Nilikuona. Wamekuahidi kupigana penye taa na televisheni, na sikulaumu, kila mtu anapenda kuonekana. Lakini nimekwenda kuwatazama hao. Kila wiki wanakutanisha watu wasiojuana, mmoja anamrusha mwenzake kutoka juu ya ngazi ili picha ya sekunde kumi izunguke kwenye simu za watu, na mwaka huu peke yake vijana wawili wamevunjika shingo. Hiyo si mieleka. Ni ajali iliyokatiwa tiketi.

Sisi pia watu walituita waongo. Ni kweli tulikubaliana chumbani nani atashinda, tena Umeme ndiye aliyeshinda, kila Jumamosi, miaka tisa. Mimi niliitwa Gogo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuanguka. Lakini sikilizeni, kuanguka ni ufundi. Umeme aliporuka juu yangu, ukumbi uliona mtu anaua mtu, kumbe mimi chini nimeshaweka mikono pa kumpokea ili goti lake lisiguse sakafu. Aling'ara kwa sababu nilimbeba. Watu hawakuliona hilo, wala hawakutakiwa kuliona, na mimi nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, nikakubali, nikapokea ujira wangu. Na bado nilipokuwa nimelala chali kwenye turubai, nikisikia watu mia nne wakiita "Umeme, Umeme," na watoto wamekimbilia kwenye kamba kumgusa tu jasho, nilikuwa nasaga meno mpaka taya linaniuma kuliko mgongo.

Tulikuwa na ishara moja, na kila mpiganaji wa ukumbi ule alifundishwa ishara hiyo kabla ya kufundishwa kitu kingine. Ukiumia kweli, unambonyeza mwenzako kwa kidole gumba mara mbili, popote mkono wako ulipo. Mwenzako akihisi, anaachia. Haulizi, hamalizii alichokuwa anafanya, anaachia hapohapo na kutafuta njia ya kumaliza pambano. Ndiyo maana mtu aliweza kumpa mwenzake shingo yake na kurudi nyumbani kula na watoto.

Sasa naingia penyewe. Binti yangu, nipe maji kidogo. Basi, yatosha.

Jumamosi moja mwandalizi wetu, yule mzee aliyeniuzia ukumbi baadaye, alisema watu wameanza kuchoka, wanajua Umeme atashinda, kwa hiyo leo Gogo amshike vizuri, ambane hasa, watu waogope kidogo, halafu Umeme achomoke. Nikamkalia Umeme kiunoni, nikaikamata miguu yake nikaivuta nyuma, akakunjika kama upinde. Na ukumbi, wanangu, ukumbi ukaita jina langu. Nadhani alianza mlevi mmoja nyuma kwa utani, "Gogo," akafuata mwingine, kisha upande mzima wa kushoto ukashika. Miaka tisa sijawahi kusikia jina langu likitoka kwenye vinywa vingi kwa pamoja. Umeme alikuwa ameshika kifundo cha mguu wangu. Akabonyeza mara mbili.

Nikavuta zaidi.

Akabonyeza tena. Nilihisi, kama ninavyohisi shuka hili sasa hivi. Nikajiambia, ngoja kidogo tu, waite mara moja nyingine. Niliachia kengele ilipolia. Yeye hakuinuka. Wakamtoa kwa mlango wa nyuma juu ya ubao wa kubebea viti, na mimi nikabaki katikati ya ulingo nikipungia watu mkono.

Hajapanda ulingoni tena tangu siku ile, na ni mwaka wa ishirini na mbili huu. Daktari alipomuuliza imekuwaje, alisema, "Niliteleza, nilikaa vibaya." Mwandalizi alipomuuliza, alisema hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaitikia: aliteleza. Mpaka leo sijui kama alidhani kidole chake hakikunifikia, au alijua akanifunika. Sijawahi kumuuliza. Nilimwogopa mtu asiyeweza hata kuinama kufunga kamba za viatu.

Mnajua aliyofanya baadaye, akawa fundi wa kutengeneza cherehani, ameketi kwenye kiti chenye mto. Na kila Jumanne mama yenu alibeba cherehani yake kwenda kwake. Mimi nikawa nahesabu Jumanne. Cherehani gani hii inaharibika kila wiki, nilikuwa namuuliza, au ina homa? Anajibu, "Imezeeka, mume wangu, kama sisi." Ananijibu kwa upole, nami upole ule ndio ulionichoma. Niliona kwamba Umeme amechukua ukumbi, amechukua watoto wa watu, na sasa hata mgongo umevunjika bado anachukua mke wangu. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, nikaswali nalo kifuani. Niliwakataza ninyi kwenda kwake. Mlidhani ni fahari ya wazee wa kazi moja. Haikuwa fahari.

Miezi minne iliyopita, juu ya kitanda hikihiki, mama yenu akiwa amebakiwa na siku mbili, aliniambia, "Nikuulize kitu. Siku ile ulihisi?"

Nikasema, "Siku ipi?"

Akasema, "Usinichoshe, sina nguvu."

Akaniambia alikuwa mstari wa mbele na sindano yake, kama kawaida, akingoja kushona nguo zitakazochanika, na alikiona kile kidole, mara mbili, na mara mbili tena. Akasema, "Kila Jumanne nilikwenda kumkanda mgongo, dada yake akiwepo. Yeye alidhani ni huruma. Nilikuwa nafanya toba yako, kwa kuwa wewe huitaki." Halafu akasema nimwambie Umeme mwenyewe, kwa mdomo wangu, na akageukia ukutani akalala.

Ningewaambia nililia kwa majuto ningekuwa nawadanganya. Cha kwanza nilichohisi ni wivu. Niliona kwamba miaka ishirini na miwili mikono ya mke wangu ilikuwa kwenye mgongo wa mtu mwingine, na kilichoipeleka huko ni mimi mwenyewe. Majuto yalikuja baadaye, siku ya tatu baada ya mazishi, nilipofunua cherehani yake kuifuta vumbi, nikalizungusha gurudumu. Ilikuwa nzima. Ilizunguka bila hata kukwaruza.

Basi msimsikilize bwana wa kampuni anayesema mieleka imekufa, wala msilaumu simu. Katika ukumbi ule mimi ndiye niliyeiua, polepole, kwa mikono hii. Mnamkumbuka kijana yule tuliyemwita Chuma, aliyependwa na watoto? Nilipanga ashindwe Jumamosi sita mfululizo mpaka akaenda kuendesha lori. Na yule mwanamke muuza samaki, aliyekuwa akipanda ulingoni kina mama wote wanasimama juu ya viti? Nilimwambia hatuna chumba cha wanawake kubadilishia nguo. Chumba kilikuwepo. Nilikuwa nimekijaza makopo ya rangi. Kila aliyeitwa jina lake kwa sauti kubwa kuliko nilivyoitwa mimi ile siku moja, nilimtafutia mlango. Nikabaki na waangukaji watupu, na nani atakuja kutazama watu wanaoanguka wakati hakuna wa kuwaangusha?

Na wewe, binti yangu. Usiinamishe kichwa. Najua umekuwa ukienda kwenye karakana ya Umeme mwaka wa tatu sasa, mnasogeza cherehani pembeni na kutandika magodoro chini, anakufundisha akiwa amekaa. Nilipita siku moja nikachungulia dirishani. Ulikuwa unaanguka. Uliangusha bega kwanza, ukakunja shingo, ukafungua kiganja, turubai lingelia kote lakini mfupa hata mmoja usingejua. Sijawahi kuanguka vizuri hivyo. Kisha ukainuka, na uliposimama nikaona kwamba wewe si wa kuanguka tu, watu watakuita. Baba mwingine angegonga dirisha kwa furaha. Mimi nilirudi nyumbani nikakununia wiki nzima, ukadhani nimekasirikia chumvi.

Kwa hiyo ukumbi ni wako, binti yangu, ulingo, viti, kengele na lile deni la lawama niliyokuachia kwa watu niliowafukuza. Watafute. Chuma bado yuko hai, na muuza samaki ana mjukuu anayerukaruka. Usiuze. Na atakayekuwa mwalimu wa ukumbi, mwenye kauli ya mwisho juu ya nani yuko tayari kupanda na nani bado, ni Umeme. Si msaidizi wako. Mwalimu. Mpe kiti chenye mto, kiwekwe pale nilipokuwa naketi mimi. Inaniuma kusema hivyo, nawaambia kweli, inaniuma hapa, lakini nimesema.

Mwanangu wa kwanza, njoo karibu. Zaidi. Wakati naongea ulikuwa unamtazama dada yako, na jicho hilo nalijua, limekaa kichwani mwangu maisha yangu yote. Sikukunyima ukumbi kwa kuwa nakupenda kidogo. Wewe una mikono yangu. Nimekuona ukipokea watu, hujawahi kumwacha mtu agonge sakafu. Kampuni itakupa taa, lakini itakupa pia mwenzako usiyemjua, na siku akikubonyeza... au wewe ukimbonyeza yeye. Baki na dada yako. Umbebe ang'are. Na siku watu mia nne wakiita jina lake na wewe uko chini, saga meno, lia, toka nje utukane ukuta, yote Mungu anayajua na kuyasamehe. Ila mkono wako uachie. Ukihisi mara mbili, achia. Hayo ndiyo maombi yangu kwako, sina mengine.

Ngoja. Ngoja nivute pumzi.

Nikifa, mnizike kando ya mama yenu, mapema, watu waende kazini. Umeme ndiye atakayewapokea watu mlangoni. Watamsalimia yeye kwanza, najua, watamkumbatia yeye, na wengine watasahau msiba ni wa nani. Waacheni wamsalimie. Sitakuwepo kuhesabu.

Nawabariki. Wewe, na wewe. Mwenyezi Mungu awape mkate wa halali, awape mifupa migumu na mioyo laini, asiwape jicho langu. Watoto mtakaowazaa wakiitwa majina yao barabarani, mfurahi. Nisameheni kununa. Nilinuna sana, nyumba hii... ilikuwa na mama yenu mchangamfu, na mimi nikaijaza...

Basi. Sasa tokeni, mumwambie aje. Peke yake. Nina neno moja la kumwambia, na limenikaa kooni mwaka wa ishirini na mbili, nikichelewa halitatoka. Mfungulieni mlango tu, msimshike mkono, hapendi kushikwa. Korido ni ndefu kwake, najua. Mwacheni aje kwa mwendo wake. Nitamngoja.