Bi Verdell Gaines na Kibao cha Shaba

Bi Verdell Gaines anastaafu tarehe 31 Mei 2018, baada ya miaka arobaini na miwili katika maktaba yetu ya Harlow Bend, Alabama. Nimeombwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila nina hasira na sitaificha.

Alianza kwa kupanga vitabu rafuni, akaishia kuwa mkuu wa meza ya kuazima. Aliwahi kumtoa nje hakimu mzima kwa kutafuna karanga za kuchemsha juu ya gazeti, na hakimu akarudi na keki kuomba radhi. Nusu ya watoto wa mji huu wamejifunza kusoma kwake, nami nimo.

Ukutani, juu ya meza yake, kuna picha ya mwaka 1963 inayowaleta wageni. Msichana mweusi wa miaka kumi, mguu mmoja hauna kiatu, ameshikwa mkono na polisi mwenye rungu kwenye ngazi za maktaba hii hii. Msichana huyo ni yeye. Chini ya picha mji ukaweka kibao cha shaba: "Askari amsaidia mtoto kupanda ngazi."

Kumsaidia! Jamani, alikuwa akimburuta kumtoa, maana enzi hizo za ubaguzi weusi hatukuruhusiwa kuingia. Kila meya mpya Bi Verdell alimwomba kibao kibadilishwe, na kila mmoja alisema suala hilo atalishughulikia.

Mwezi uliopita meya wa sasa alimtaka asimame chini ya picha hiyo wapigwe picha pamoja. "Inaonyesha uzuri wa nchi yetu, Bi Verdell."

"Uzuri upo, mwanangu," akamjibu. "Kesho yake nilirudi na viatu vya dada yangu, nikazipanda ngazi zilezile. Nchi ijivunie hilo. Huyo bwana mwenye rungu msinipambie."

Meya akacheka, akatazama saa yake, akaondoka. Kibao kikabaki. Damu ilinichemka, na mpaka leo haijapoa.

Bi Verdell, asante kwa vitabu, kwa makaripio, na kwa kurudi siku ile. Ulisema hutaki maua wala saa ya dhahabu. Basi usishangae zawadi yako ikiwa nzito: jana nilichukua bisibisi nikaking'oa kibao. Mwenye neno aje kwangu, Otis Tolliver, meza ya magazeti.

Nenda kapumzike, mama yetu, kwa afya na furaha. Picha yako tumeiacha ukutani, na haina tena uongo chini yake.