Bi. Waithira na Kodi Isiyoanza Januari

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya usimamizi wa majengo hapa Nyeri, Bi. Waithira Mutahi anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Alitupatia notisi ya miezi miwili, jinsi alivyozoea kuwapa wapangaji, kisha akasimama mbele ya meneja hadi ikasomwa yote.

Alianza kama karani wa mapokezi. Mwaka 2003 alikabidhiwa maduka ya Karatina, baadaye ya Kianyaga na Kangema. Alikunywa chai katika kila duka, na hakuna mpangaji aliyemwona akija akakimbilia mlango wa nyuma. Katika kazi yetu hilo si jambo dogo.

Wenye majengo wengi wa huku hutangaza kodi mpya kwa mdomo wakati wa Krismasi, wakitarajia ianze kulipwa Januari. Bi. Waithira alipambana na desturi hiyo miaka yote. Alieleza kwamba duka lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa na sheria: kodi haipandi mpaka mpangaji apokee notisi rasmi na miezi miwili ipite. Akiipinga kwa wakati mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara, nyongeza inangoja uamuzi.

Januari 2017, wiki ya kufunguliwa shule, Mzee Dedan, mwenye jengo Karatina, alifika na kufuli. Alitaka kufunga duka la sare za shule la Induben, mjane aliyetegemea mauzo ya wiki hiyo kuliko ya mwezi mwingine wowote. Kosa lake lilikuwa kulipa kodi ya zamani. Bi. Waithira alisimama mlangoni, watoto wakipimwa sweta nyuma yake.

“Kwani wewe Madam unafanyia nani kazi?” Mzee akafoka.

“Wewe, Mzee. Ndiyo maana sitaki uitwe kwa baraza. Hiyo kodi yako haijaanza.”

“Ati haijaanza? Si nilimwambia Krismasi!”

“Krismasi ulimsalimia. Notisi hujampa.”

Mzee alitishia kutunyang'anya jengo lake. Bi. Waithira hakubanduka. Wiki hiyo hiyo aliandaa notisi sahihi na kuipeleka mwenyewe. Induben akajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Aprili alilipa kodi mpya bila kusukumwa. Mzee Dedan, badala ya kuondoka, alituletea jengo lake la pili.

Asante, Bi. Waithira. Tunakutakia chai inayochipua vizuri kule shambani kwako Kangari, magoti yenye nguvu na asubuhi zisizo na haraka. Mzee Dedan na Induben wameomba kuketi meza moja leo katika hafla hii ya kukuaga, na mpaka tunapochapisha ratiba hii bado wanabishana ni nani atangulie kukushukuru.