Vidole vya Zinki Vyafika Ihembe

Kijiwe chetu cha Ihembe kipo kwenye baraza la duka la mabati, na kahawa anachemsha Gaudiosus, ambaye hukubaliana na kila mtu mradi vikombe virudi. Asubuhi hiyo Desderius alikaa mwisho wa benchi na kahawa iliyokwisha kupoa. Mkewe, Evaresta, alikuwa amejifungua binti mwenye vidole sita kila mkono, na baba yake Desderius, mzee Byarugaba, akatamka mbele ya wageni kwamba kwenye ukoo wao hajapata kuzaliwa mtu wa hivyo. Tangu hapo Desderius alikuwa akilala kwa kaka yake.

Tulimbana mpaka akasema alichoambiwa na daktari kule Bukoba. Mtoto ni mzima. Huenda chanzo ni jeni moja iitwayo GLI3, ya ukoo wa jeni zinazotengeneza protini zenye mikunjo kama vidole, kila kidole kimeshika chembe ya zinki. Vidole hivyo hushika jeni nyingine na kuziamuru zifanye kazi au zitulie wakati mtoto anaumbika tumboni. Amri ikikosewa kidogo, mkono unaongeza kidole.

Nolasco, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akadaka hapohapo.

— Zinki si ndiyo vile vidonge wanavyopewa watoto wakiharisha? Evaresta atakuwa alivimeza akiwa na mimba.

Yusto, mwenye duka, mtu wa Muleba tuliyempa jina la Bati, alikataa. Kwake yeye zinki inatoka kwenye paa jipya la bati, inashuka na maji ya mvua mpaka kwenye pipa.

— Kwa hiyo unatuuzia vidole? Redio akamuuliza. Nusu ya Karagwe tungekuwa navyo.

— Labda tunavyo, Bati akajibu. Havijatokeza tu.

Nakiri hata mimi niliutazama mkono wangu. Gaudiosus akamimina duru nyingine, akasema anavyoona yeye, dunia inajiandaa: watu wa kesho watazaliwa na vidole sita, kisha saba, na buni itachumwa kabla jua halijawa kali. Tulicheka. Desderius hakucheka.

— Mimi vidole havinisumbui, akasema. Nataka kujua kama ni wangu.

Redio, kwa sauti ya chini ambayo hatukuizoea, akamuuliza kama daktari alisema jambo hilo linatoka kwa nani.

— Alisema laweza kutoka kwa baba, au kwa mama, hata kama mwenyewe hana dalili. Au likaanzia kwa mtoto.

— Basi vidole havimshitaki mtu, waitu, ndugu yetu.

— Mzee hakuyasikia hayo.

— Wewe uliyasikia.

Desderius akainamia kikombe chake. Hapo pikipiki ikamshusha Ma Sperancia, dada wa mzee Byarugaba, kutoka Nyakasimbi. Alikuwa na mkungu wa ndizi na kitenge kipya cha kumbebea mtoto. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa kukaa.

— Nimekuja kumwona mjukuu wangu. Anaitwa nani?

Redio alimtazama Bati, Bati akamtazama Gaudiosus, na Gaudiosus akaanza kusuuza vikombe visafi. Kwa ukoo wa Desderius jina hutoka upande wa baba. Mzee Byarugaba alikuwa amegoma kulitoa, mwanawe akakaa kumsubiri, na sisi asubuhi nzima tulikuwa tumemwita “mtoto wa vidole.”

Ma Sperancia alituangalia mmoja mmoja, akaishia kwa Desderius.

— Nakuuliza wewe, baba yake.

Desderius akaweka kikombe chini. Akainuka, akampokea mkungu, akautia begani.

— Twende nyumbani, shangazi. Jina nampa mimi.