Ukurasa wa Ngapi?

Ndugu waombolezaji, kilio kimoja kikali kilisikika wodini usiku wa tarehe 9 Machi 1951, marehemu akazaliwa, na mkunga akamwambia mama, "Huyu kaanza kupinga mapema." Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili ndiye mimi ninayewasomea.

Alianza shule Januari 1958, akahitimu chuo kikuu mwaka 1974, akaajiriwa hapo hapo, chumba namba 14, kufundisha uhakiki. Kwa miaka thelathini na saba aliwataka wanafunzi wasome kazi nzima mara mbili kabla ya kushika kalamu, waeleze kwanza mwandishi alikusudia nini na amefaulu wapi, ndipo waonyeshe kasoro, kila hoja na ushahidi wake, na aliyelalamika tu kwamba kitabu kinachosha aliulizwa, "Ukurasa wa ngapi?", hadi likawa jina lake la utani.

Tarehe 6 Desemba 1979 aliolewa na fundi wa kujalidi vitabu, ambaye alipomwambia kwamba hakuna mwanamke kama yeye alidaiwa ushahidi, akaleta hoja tatu, mbili zikakubaliwa. Walijaliwa mabinti wawili, muuguzi na fundi umeme.

Mwaka 1993 nilichapisha riwaya, naye akaihakiki katika jarida la chuo. Nililifungua katikati, nikakutana na kasoro zangu, nikalifunga, na kwa miaka ishirini na tisa, hata kwenye harusi za binti zake, nilimwita "Mhakiki", na jina nililomwita tangu utotoni nikalizuia.

Aliugua figo kuanzia Mei 2022. Tarehe 3 Oktoba aliniomba nimsomee uhakiki ule, nikaanza mwanzo, nikakuta kurasa nne za sifa nisizowahi kuziona, naye akacheka, akasema, "Kumbe wewe ulianzia wa tano, mdogo wangu." Niliona aibu, nikajiambia nitamwita kwa jina lile la utotoni kesho. Alifariki alfajiri.

Leo wanafunzi wake wamejaa hadi barabarani, saba kati yao maprofesa, na riwaya yangu itatoka upya ikiwa na uhakiki wake wote mbele, sifa na kasoro.

Tunawashukuru madaktari, waliomvumilia alipodai kusoma faili lake hadi mwisho, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa chumba namba 14.

Nimesoma yote, umeshinda, pumzika kwa amani, Dada.