Uji Niliompelekea Mzee Kornelio

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sauti inayotetemeka kama yangu. Mimi naitwa Jesinta. Nilizaliwa Adumi, nikaolewa Lurujo kule Koboko. Padri wenu hapa Arua aliponiomba nisimame niwaambie Mungu alichonitendea, nilimjibu kwamba siwezi, bado naogopa. Akasema, basi sema hivyo hivyo ukiogopa. Kwa hiyo mnivumilie.

Mume wangu alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa zamani, kama watu wengi wa kwetu. Alipofariki aliniacha na binti mmoja, Scovia. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na sisi Wakatoliki tuko wachache, ndiyo maana katika jumuiya yetu ndogo tunajuana mpaka sufuria. Wanajumuiya walinilimia shamba la muhogo misimu miwili bila kuniuliza chochote. Mimi sikuwa mtu wa sala sana. Imani yangu niliipata pale shambani, nikiwaangalia wakinipalilia. Nikasema, na mimi nitatumika. Nikapewa kazi ya kutembelea wagonjwa: kuwafagilia, kuwafulia, kusali nao rozari, kuwapikia uji. Niliipenda kazi ile, na nikiri mbele yenu, nilipenda pia kusifiwa.

Mzee Kornelio alikuwa mgonjwa wangu kwa muda mrefu. Tumbo lilikuwa limevimba, macho ya manjano, na mganga wa zahanati alishasema ini lake limechoka. Ijumaa moja asubuhi nilimpelekea uji wa mtama wenye simsim, yaani ufuta, ndani ya chupa ya chai. Mke wake, mama Anjelina, akaumimina, mimi nikamwinua mzee kichwa. Alikunywa nusu kikombe, akasema ni mtamu. Nikatoka kufua shuka zake. Kabla sijamaliza kuzianika, nikasikia mama Anjelina ananiita. Mzee alikuwa anatapika damu. Alikufa mikononi mwangu kabla ya saa sita mchana.

Mtoto wake mkubwa, Santo, alifika kutoka sokoni. Hakulia. Aliangalia ile chupa, akauliza, "Huu uji iko ya nani?"

Nikajibu, "Ni wangu."

Aliifunga chupa, akaondoka nayo.

Ndugu zangu, mliotoka upande wetu mnajua maana yake. Mtu akifa ghafla baada ya kula, watu hawaulizi alikuwa anaumwa nini. Wanauliza nani alipika. Mwanamke akishaitwa mtu wa sumu, hana nyumba tena. Wanaichoma. Yeye mwenyewe wanampiga, na wengine hawaamki.

Kwenye mazishi nilibeba sufuria ya maharage kama wanawake wote. Ilikaa pale imefunikwa mpaka watu wanaondoka. Niliirudisha nyumbani ikiwa nzito vile vile. Kesho yake kwenye bomba la maji, nilipoweka jerikeni yangu kwenye foleni, wenzangu waliinua zao wakasogea. Sokoni hakuna aliyeonja simsim yangu. Na Scovia alirudi kutoka shule akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama," akasema, "wewe ulifanya?"

Nilimwambia sikufanya. Siku ile alijichomea muhogo wake mwenyewe, akala nje. Sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kujiogopa. Nilijiuliza kama nilisuuza ile sufuria vizuri. Nikakumbuka gunia la simsim lilikaa karibu na dawa ya mchwa. Au halikukaa karibu? Nilimwaga gunia lote, nikasugua jiwe la kusagia mpaka vidole vikatoka damu. Hofu ilinifanya niwe shahidi dhidi yangu mwenyewe.

Jumanne mchana, jirani yangu Hawa alikuja kupitia uani, ushungi umeanguka begani.

"Mama Scovia, toka sasa hivi. Vijana iko kwa duka ya Santo na fimbo. Wanakuja kwako."

Nilimshika binti yangu mkono tukakimbilia shamba la muhogo, tukalala chini kati ya mashina. Niliwasikia wakivunja mlango wangu. Nilisikia vyungu vikipasuka kimoja kimoja, na sauti ya kijana mmoja ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe Salamu Maria. Kisha wakaanza kuzunguka shamba. Miguu ilipita karibu nasi kiasi kwamba niliona kandambili iliyoshonwa kwa waya. Santo akasema, "Amekimbia kwa sababu anajua alichofanya." Nilimziba Scovia mdomo kwa kiganja changu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, nami nikashindwa kujua anachoogopa ni wao, au ni mkono wangu.

Walipoondoka tulitoka kwa upande wa pili, tukapata gari la kuja Arua, tukafikia kwa kaka yangu anayekaa Dadamu. Kaka alitupokea. Mke wake naye alikuwa mpole, lakini kila nilipoinuka kwenda jikoni alinirudisha. "Wewe pumzika tu, wifi." Wiki nzima nilipumzishwa. Nilielewa.

Na hapo Dadamu, nikiwa nimekaa bila kazi, nilikumbuka jambo ambalo sikuwahi kuliungama. Nikiwa msichana kule Adumi, mwanamke mmoja alifukuzwa kijijini kwa sababu ya mtoto wa jirani aliyekufa. Mimi nilikuwa nambeba yule mtoto mgongoni. Nilijua alikuwa na homa siku tatu kabla hajala kitu chochote kwa yule mama. Nilijua, na nikasimama kando ya njia nikamwona anapita na mkeka wake kichwani, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa watu wataniangalia mimi. Sasa nilikuwa nimekaa mahali pale pale alipokaa yeye. Niliacha kusali. Niliacha kwenda kanisani. Nilimwogopa hata Mungu, nikidhani ndiye aliyewatuma wale vijana.

Alhamisi moja wakafika wanawake watatu wamejaa vumbi la barabara ya Koboko. Mbele alikuwa mama Veronika, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Mke wa kaka yangu akainuka kuwaletea maji. Veronika akasema, "Hapana. Jesinta alete."

Nilileta kikombe huku maji yanamwagika. Alikunywa yote, akiniangalia machoni.

"Jumapili sala ya jumuiya iko kwako," akasema. "Ni zamu yako."

"Veronika, wataniua."

"Wanaweza," akasema. Hakunidanganya. "Lakini hawatakukuta peke yako. Mimi nimekimbia nchi yangu mara mbili, Jesinta, kukimbia nakujua. Ukikimbia na jina hili, litamfuata mpaka huyu mtoto wako."

Nilimuuliza mbona hawakuja mapema. Akainamisha kichwa. "Siku ya mazishi sufuria yako ilibaki imefunikwa. Mimi pia sikula. Niliogopa. Nimeungama kwa padri, sasa naungama kwako."

Nami nikamwambia habari ya yule mama wa Adumi. Tulilia sote wawili. Hata hivyo, nisiwadanganye kwamba imani ilinijaa. Nilirudi kwa sababu Scovia alisema anataka kwenda nyumbani.

Jumapili mchana mlango wangu ulikuwa bado umeegemezwa ukutani. Niliinama kuwasha moto. Wanawake walikuwa wamejaa uani, lakini hakuna aliyenisaidia. Veronika alikuwa amewakataza. "Apike mwenyewe, kila mutu aone." Nikapika maharage na ugali wa muhogo. Kisha Veronika akaniambia nipike na uji wa mtama wenye simsim, ule ule. Nikamtii.

Watu wa jumuiya walikuja, nyumba zote. Katekista alikuja. Hawa alikuja na mume wake wakakaa kwenye mkeka pamoja nasi. Na ng'ambo ya njia alikuja Santo na vijana wake, wakasimama na fimbo. Tulisali, lakini msiniulize Injili ilisema nini siku ile, sikusikia neno. Nilikuwa nahesabu fimbo.

Ukafika wakati wa kugawa chakula. Veronika alichukua wa kwanza akala. Katekista akafuata. Bibi mmoja mzee alishika sahani yake muda mrefu, midomo inatembea katika sala, kisha akala. Hawa akala. Mimi nilikuwa naangalia koo la kila mtu. Niliwaza, kama mmoja wao ana ugonjwa wake na aanguke leo, ndiyo mwisho wangu na wa mwanangu. Mtu alipokohoa, niliinuka.

Ndipo mama Anjelina akatokea njiani na nguo zake za msiba. Alimpita mtoto wake bila kumtazama, akaingia uani, akasimama mbele yangu.

"Nipe uji," akasema.

Nilichota, lakini mkono ulikuwa unamwaga kuliko unavyojaza. Scovia akaja, akanipokonya kikombe. Tangu Mzee Kornelio afe hakuwa amegusa chakula nilichopika. Alijaza kikombe, akanywa yeye kwanza, funda kubwa, kisha akampa mama Anjelina kwa mikono miwili. Yule mjane akageukia barabarani, akanywa mpaka chini watu wote wanaona.

"Santo," akaita. "Siku ile baba yako alikunywa nusu kikombe. Nusu ile ingine nilikunywa mimi. Niliogopa kusema, mngesema tulikubaliana kumuua. Nimemwacha huyu mama afukuzwe kwa sababu ya uoga wangu. Baba yako ameuawa na ugonjwa wake. Kama unataka kupiga mutu, anza na mimi, mama yako."

Santo alisimama pale. Aliiangalia fimbo yake kama vile mtu mwingine ndiye aliyempa. Kisha akageuka akaondoka, na vijana wakamfuata mmoja mmoja, si kwa haraka. Hakuna aliyepiga makofi wala vigelegele. Yule bibi mzee akanyoosha sahani yake akaomba maharage mengine. Hapo ndipo nilipoanguka magotini nikalia, na wanawake wa jumuiya wakanifunika kwa kanga zao.

Baadaye wazee wa ukoo walikaa, wakasema hadharani kwamba sina kosa. Yule kijana wa Salamu Maria alikuja kuniomba radhi. Santo hajaja. Alituma mbao za mlango, na tukikutana njiani ananisalimia kwa kichwa. Namwombea. Siku nyingine namwombea huku nimefunga mlango huo huo kwa ndani.

Hofu haijaniisha, ndugu zangu. Nimerudi kwa wagonjwa, na kila uji ninaoupika nauonja kwanza mbele yao. Mgonjwa akikohoa, nainuka. Nilidhani Mungu akimwokoa mtu humwondolea hofu yote kama mtu anavyovua koti. Mimi hakunifanyia hivyo. Alinipa watu waliokuwa wanaogopa kama mimi, wakaja hivyo hivyo, wakakaa kwenye mkeka wangu, wakala. Mkiniuliza Bwana alikuwa na sura gani siku ile, nitawaambia alikuwa na mdomo uliojaa ugali wa muhogo.

Namshukuru Mungu. Naishukuru jumuiya yangu ya Lurujo, na jirani yangu Hawa ambaye anasali kwa namna yake na alikuja. Namshukuru mama Anjelina aliyechelewa, lakini alikuja.

Sasa nawaomba kitu kimoja. Yumkini katika mtaa wako kuna mtu ambaye watu wanasogeza jerikeni zao akifika. Usimwombee kwa mbali. Nenda kwake, uombe maji ya kunywa. Na kama yuko mmoja hapa ndani ambaye ndiye yeye mwenyewe, anayepita njia za nyuma kuja kanisani, nakusihi usiondoke peke yako leo. Mwamini Mungu kwa hatua moja tu, mpaka pale mlangoni. Mimi nitakuwa nimesimama hapo, nikitetemeka, na tutatoka pamoja.