Swali la Masele Kivukoni

Siku tatu Masele alimwomba Mungu amwonyeshe kwa nini programu yake ya kliniki inakwama. Saa nne asubuhi hiyo wauguzi wangeamua waichukue au wabaki na daftari. Jibu lilimjia kwenye kivuko cha Kamanga, kutoka kwa Hetal, fundi wa kompyuta aliyeketi jirani akitafuna karanga na kuchungulia skrini yake.

“Swali ambalo programu huiuliza hifadhidata uliliandaa kwenye muunganisho mmoja wa seva, kaka, ukaliuliza kwenye mwingine usiolijua. Ni kama umemweleza Pius, kisha unamlaumu Antoni kwa kutojua.”

Masele akacheka hadi abiria wakageuka. “Basi kila muuguzi ashike muunganisho wake, asiuachie.”

“Miunganisho ni michache; wengine wapange foleni?” akauliza Hetal.

“Niliandae swali kwenye miunganisho yote, basi.”

“Kumbukumbu ya seva itajaa.”

“Nisiliandae kabisa?”

“Seva italichambua upya kila linapoulizwa. Daftari litakushinda mbio.”

Kivuko kikagusa gati. Masele, kompyuta mapajani, bado alikuwa akibisha, saa nne ikikaribia, huku akina mama wenye watoto mgongoni wakimpita kuelekea kliniki.