Riba ya Wenye Kiwanda

Kwenye basi la kwenda mji wa Guastalla, Italia, Bi Norina alimweleza abiria wa pembeni jinsi mafuriko yalivyozoa kiwanda cha jibini cha ushirika wao, benki zikakinyima mkopo, na wanachama wakakiinua kwa kukikopesha amana zao. "Sasa watu wa kodi wanasema riba tunayolipwa kwa amana hizo si gharama ya kiwanda, eti ni faida, itozwe kodi."

"Wako sahihi, mama," alisema yule bwana, kumbe mstaafu wa idara ya kodi.

"Na riba ya benki mngeikubali?"

"Tungeikubali. Benki ni mtu baki."

"Baki kweli. Maji yalipokuja hatukumwona."

Mimi niliyekaa nyuma yao niliuma mdomo nisicheke. Basi liliposimama mbele ya kiwanda, Norina akainuka, kifua mbele.

"Lakini mnajilipa wenyewe," bwana akamwambia kwa nyuma.

"Ndiyo," alijibu akishuka, "na tulikijenga wenyewe."